Mwali wa Mwarimba na Nyumba Moja Iliyobaki

Nikiuliza "mmekaa?", nijibuni "tumekaa, na masikio tumekuja nayo." Mmekaa? Haya. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii haina vicheko vingi, na mwisho wake sitaumaliza mimi. Nitawatwika ninyi, mwende nao makwenu.

Palikuwa na kilima kikiitwa Mwarimba, kilima cha mawe ya chokaa chenye pango tumboni, katika nchi ya Wadigo, mbali kidogo na pwani. Kati ya waliokaa kilimani hapo walikuwamo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Nimwaka alijaliwa miguu. Bibi huyu alikuwa na miaka sitini na ushei, naye ndiye aliyekuwa mlinzi wa pango, kama mama yake na mama wa mama yake. Aliweza kuingia bila taa, akaenda mpaka mwisho, akarudi, asijikwae hata mara moja. Nyayo zake zilijua kila jiwe, na upepo ukimgusa shavuni alijua amefika wapi. Watu wakimtania, "Bibi, wewe ni popo," naye anajibu, "Popo ana mabawa, mwanangu, mimi nina magoti mabovu tu."

Nyawa, mtoto wa kaka yake Nimwaka, alijaliwa masikio. Mpe nyundo agonge jiwe, atakwambia hili ni zima, hili lina ufa, hili nyuma yake ni tupu. Hakukosea. Ndiyo maana kampuni ya saruji ilipokuja kuchimba upande wa kaskazini wa kilima, ilimwandika yeye kuwa fundi wa baruti.

Mwanauba alijaliwa mwili. Alikuwa mwembamba kupita kiasi, na pale kinapopita kichwa chake, na yeye mzima alipita. Alikuwa na watoto wawili, na mume aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, ambaye mpaka leo anaitafuta. Yeye alichimba mbolea ya popo ndani ya pango, akiwauzia wakulima wa mboga. Ndiyo iliyowalisha wanawe.

Sasa sikilizeni habari ya wa nne, asiyejua kuwa yumo katika hadithi.

Ndani ya pango aliishi kiumbe ambaye watu wa Mwarimba walimwita mwali. Ni buibui, lakini msifikirie yule wa kwenye dari ya jikoni kwenu. Huyu alikuwa mweupe kama tui, miguu mirefu na myembamba, na macho hana kabisa. Walimwita mwali kwa sababu ya ile desturi ya kumweka msichana ndani asionwe na jua mpaka siku yake ifike. Tofauti ni kwamba huyu siku yake ya kutolewa haifiki, kwa sababu jua linamuua. Hata joto la kandili likikaa karibu naye kidogo tu, anakauka. Mayai yake haachi mahali. Huyafunga kwa uzi wake, akayabeba mdomoni wiki nyingi, na muda wote huo hali kitu. Mama gani mwingine mnayemjua wa hivyo?

Mwaka mmoja alikuja mwanamke wa chuo kikuu, Daktari Mbeyu, msichana wa Kigiriama mwenye miwani na viatu vilivyojaa tope. Nimwaka alimpokea, akamwingiza pangoni. Daktari alikaa humo siku tatu na taa yake ndogo nyekundu, akatoka uso unang'aa.

"Bibi, nimehesabu arobaini na mmoja."

"Wadudu?"

"Si wadudu, bibi. Mdudu ana miguu sita, huyu ana minane. Na hawa nimewatafuta kwenye mapango yote ya mkoa huu na ya ng'ambo ya mpaka. Hawapo. Nadhani duniani wako hapa tu."

Nimwaka alicheka sana siku hiyo. Duniani hapa tu! Alisema kama ni hivyo basi Mwarimba ni mji mkuu.

Kampuni ya saruji ilikuwa inautaka mlima wote. Watu wengi walikwisha kuhamishwa, wakapelekwa uwanda wa Mkole, mahali pa majani makavu na visima vya maji ya chumvi. Lakini serikali, baada ya kusoma karatasi za Daktari Mbeyu, ilisema hivi: atakuja afisa wa mazingira kukagua pango. Akimkuta yule buibui yu hai, kampuni haitaligusa pango wala miamba inayolizunguka. Asipomkuta, basi, mlima ni wao.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wa Mwarimba hawapendi liambiwe. Mwali alikuwa anakufa muda mrefu, na waliokuwa wakimuua walikuwa wenyeji wake.

Mwanauba alichota mbolea ya popo, na kwenye mbolea hiyo ndimo vinamozaliwa vijidudu ambavyo mwali hula. Kila gunia alilotoa lilikuwa ni chakula cha mwali kinachopanda baiskeli kwenda kwenye sukuma wiki. Hakujua.

Nyawa alilipua baruti upande wa kaskazini miaka sita. Kila mlipuko ulitingisha pango, popo wakahama makundi kwa makundi, nyufa zikafunguka, joto la nje likaingia. Yeye alijua nyufa zinafunguka, alizisikia. Ila hakujua ni nani aliyekaa humo, na alikuwa na familia ya kulisha.

Na Nimwaka? Nimwaka alifagia.

Kila mwaka kabla ya masika, mlinzi wa pango huingia na ufagio wa chelewa, akasafisha mahali pa kuombea panapoitwa mzuka, penye jiwe kubwa lililofungwa kitambaa chekundu. Akishafagia hufukiza ubani, akanyunyiza marashi, akataja majina ya walinzi wote waliomtangulia, mmoja mmoja. La mwisho katika majina hayo lilikuwa la Mwanahawa, binti yake, aliyekuwa amekwisha kutawazwa amrithi, akafa na miaka kumi na tisa. Nimwaka hakuwa na mtoto mwingine. Kulitaja jina hilo pangoni mara moja kwa mwaka ndiko kulikomfanya asipasuke moyo.

Basi zikaletwa habari kwamba Jumatano afisa atakuja pamoja na daktari. Wageni wakubwa! Nimwaka angefanya nini? Mgeni anakuja kwako, utamwacha akute utandu? Jumanne asubuhi aliingia pangoni na mafagio matatu. Hakufagia mzuka peke yake. Alifagia kuta, alifagia dari pale fimbo ilipofika, alifagia kona ambazo mama yake hakuwahi kuzigusa. Akachoma ubani vyetezo vinne, moshi ukajaa mpaka popo waliosalia wakatoka mchana kweupe wakipepesuka. Alitoka amechoka, mgongo unamuuma, ameridhika.

Jumatano daktari akaingia, afisa nyuma yake. Walikaa kidogo sana. Walipotoka, daktari alikuwa amekamata miwani mkononi.

"Bibi, nani amefagia humu?"

"Ni mimi, mwanangu. Wewe ni mgeni."

Daktari Mbeyu alikaa chini kwenye vumbi na viatu vyake vile, akalia kwa sauti mbele za watu. Nimwaka alisimama hapo na khanga yake mpya, hajui amfuate ama amwache, mpaka afisa alipomweleza. Kwamba ule utandu ulikuwa nyumba. Kwamba vile vifundo vyeupe alivyovikusanya kwenye kizoleo akavimwaga juani, vilikuwa mayai yaliyopokonywa midomoni mwa mama zao.

"Ole wangu," alisema Nimwaka. "Ole wangu mimi, nimefagia watoto wa watu."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alitazama saa yake, akasema, "Sheria inataka nimwone mmoja aliye hai. Nawapa mpaka keshokutwa saa sita mchana. Baada ya hapo nitaandika nilichokiona." Daktari akajifuta uso, akaongeza kwamba kama kuna chumba kingine ambacho moshi haukufika, huenda wapo waliokimbilia humo. Yeye hajui chumba kama hicho. Kama wenyeji wanakijua, wafanye haraka.

Sikilizeni sasa walichofanya hawa watatu, mpime wenyewe.

Nyawa alikuwa amepangiwa kesho yake, Alhamisi, kulipua mwamba unaopakana na pango. Mashimo yalikwisha kutobolewa, baruti zimo, nyaya zimefungwa. Alisikia habari za shangazi yake akiwa kazini. Akazichomoa nyaya zote, akazizungusha mkononi, akakaa juu ya sanduku la baruti. Msimamizi akamfokea, "Nyawa, una wazimu?" Akajibu, "Sina, lakini leo hakulipuliwi." Walimwondoa kwa askari wanne, lakini fundi mwingine wa kuzifunga nyaya upya hakuwapo karibu. Akafutwa kazi papo hapo, na jina lake likapelekwa kwenye machimbo yote ya pwani asiajiriwe tena. Alichukua nyundo yake ndogo, akaenda moja kwa moja pangoni, akagonga kuta mchana kutwa, sikio limelala kwenye jiwe. Alasiri akamwita Nimwaka. "Shangazi, ukuta huu wa mashariki nyuma yake ni tupu. Kuna chumba. Ila mlango siuoni." Bila Nyawa, pasingekuwa na pango la kutafuta wala mahali pa kutafutia.

Nimwaka aliingia Ijumaa asubuhi, akawaamuru wote wazime taa. Akavua viatu, akatembea kandokando ya ukuta ule, hatua moja moja. Alipofika kwenye mzuka alisimama. Kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto palipita baridi, pumzi nyembamba ikitoka chini ya jiwe lile lenye kitambaa chekundu. Mlango wa chumba ulikuwa nyuma ya jiwe. Na jiwe hilo halisogezwi. Desturi ya Mwarimba inasema mlinzi anayelisogeza amejivua ulinzi, na ukoo wake wa walinzi unaishia hapo. Jina lake halitatajwa tena pangoni, wala majina ya waliomtangulia, wala la mrithi wake. Nyawa akamsikia gizani akisema, "Mwanahawa, nisamehe mama yako," na jiwe likaguruma. Alilisukuma kwa bega lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Bila Nimwaka, ukuta ungebaki ukuta.

Mwanauba aliutazama ule mwanya. Upana wake ulikuwa kama wa mlango wa tundu la kuku. Alivua khanga, akafunga nywele, akabakia na gauni moja, mkononi ana kibuyu chenye kitambaa kilicholowa. Daktari alimwelekeza jinsi ya kushika. "Ukimpata usimbane. Mwache apande mwenyewe." Mwanauba akamwambia Nimwaka, "Bibi, nisiporudi, wanangu wapeleke kwa dada yangu Msambweni, si kwa baba yao." Akaingia kichwa kwanza. Alitambaa saa nzima kifua kikikwaruza jiwe, bila mwanga wowote, akipapasa. Kwenye chumba cha ndani alipapasa kuta zote. Tupu. Akapapasa dari. Tupu. Mwishoni kabisa, kwenye pembe yenye unyevu, kitu chepesi kilipanda juu ya vidole vyake, akakiingiza kibuyuni. Wakati wa kurudi, jiwe lililokuwa limelegezwa na miaka ile ya baruti likamwangukia mguu. Walisikia sauti yake. Halafu wakaona mkono ukitokeza kwenye mwanya, umenyanyua kibuyu juu, haukitikisi. "Mpokeeni kwanza huyu," alisema, "kisha mnitoe mimi." Bila Mwanauba, mlango ungebaki shimo tu.

Saa tano na nusu afisa alichungulia kibuyuni kwa ile taa nyekundu. Alimwona mwali mmoja, jike, amekonda, amebeba mayai yake mdomoni. Akaandika. Nimwaka mwenyewe ndiye aliyemrudisha, akauweka mkono wake ndani ya mwanya mpaka alipohisi ile miguu minane imemwacha.

Mwanauba alipelekwa hospitali. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mnashusha pumzi? Msishushe. Hapa ndipo shida inapoanza.

Barua ya serikali ilikuja baada ya miezi miwili. Pango limehifadhiwa, pamoja na duara la ardhi kulizunguka. Nje ya duara hilo, mlima ni wa kampuni, na watu wote wahame. Ndani ya duara kulikuwa na nyumba tatu tu, ya Nimwaka, ya Nyawa na ya Mwanauba. Lakini daktari alikuwa ameeleza kwamba mashimo ya choo na maji ya kuoshea huvuja mpaka chini, na nyumba tatu ni nyingi. Serikali ikaruhusu nyumba moja, ya mlinzi na mke au watoto wake tu, asipokee mtu mwingine, apate na posho kila mwezi. Mbili zibomolewe. Na mlinzi mwenyewe atakaa nje ya wavu utakaozungushiwa pango. Pangoni hataingia. Hatafagia, hatafukiza, hatachimba, hatagonga. Mlango utafunguliwa na daktari baada ya miaka mitatu. Kabla ya hapo hakuna mtu atakayejua kama yale mayai yaliangua, ama wanalinda giza tupu.

Nani akae, ngambi iamue, yaani baraza la wazee. Wakishindwa kufikia Jumatatu, kampuni italeta askari wake mwenyewe akae hapo. Na askari wa kampuni mnajua atalinda nini.

Wazee sita walikutana Jumapili katika darasa la shule lililokwisha kung'olewa mabati. Jua liliwapiga utosini. Mzee Mwachitu, mkubwa wao, alimtaka kila mmoja aseme.

Nyawa alisimama wa kwanza. "Wazee wangu, mimi sina kazi na sitapata. Huko Mkole ninakotakiwa kuhamia, wanaokaa ni wale ambao nyumba zao zilipasuka kwa baruti nilizozitega mimi. Wameapa hawatanipa hata maji ya chumvi. Mwezi jana nilikwenda kutazama kiwanja. Walinipiga mawe, mke wangu akiwa na mimba pembeni yangu. Mniambie basi, nikiondoka hapa niende wapi?"

Mwanauba hakusimama, alishikilia mkongojo wake pale kwenye benchi. "Mkole ni pa kulima. Kulima kunataka miguu miwili, nami mmoja nimeuacha mle ndani. Kazi hii ya kukaa mlangoni na kutazama ndiyo pekee ninayoiweza. Na sisemi kwa ajili yangu. Mkubwa wangu ana miaka saba, juzi ameniuliza kama yeye ndiye atakayekuwa anatubebea maji."

Nimwaka alikuja mwisho, Mzee Mwachitu alipomwita. "Mimi sina la haja," alisema. "Binti yangu amelala nyuma ya nyumba yangu. Wavu utapita kaburi likiwa ndani. Nikikaa, nitamwona kila siku kupitia wavu. Nikihama, sitaruhusiwa kuja. Pangoni jina lake nimelifuta kwa bega langu mwenyewe. Limebaki kaburi. Basi."

Wazee wakaanza. Mmoja akasema apewe Nyawa, kwa sababu bila yeye kungekuwa na kifusi. Mwenziwe akaruka, "Nyawa! Huyu aliyelipua miaka sita, akaacha siku moja?" Mwingine akasema apewe Mwanauba, ametoa mguu. Akajibiwa kwamba mguu aliuvunja akifuata kiumbe ambaye chakula chake alikuwa akikiuza kwa magunia. Wa tatu akamtaja Nimwaka, na papo hapo mtu akamuuliza, "Arobaini waliuawa na nani kwa asubuhi moja?" Nimwaka aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemtetea, kwa sababu lilikuwa kweli.

Wakamgeukia Daktari Mbeyu, aliyekuwa amekaa dirishani. "Wewe umesoma. Nani kati yao aliyemdhuru zaidi, na nani aliyemsaidia zaidi?"

Daktari aliteremka dirishani. "Popo wangebaki, mbolea ingerudi. Mbolea ingebaki, buibui wangezaliana upya hata baada ya kufagiwa. Pango lisingefagiwa, wangestahimili mitetemo. Vyote vitatu pamoja ndivyo vilivyowamaliza. Na kumwokoa yule mmoja kulitaka wote watatu. Kitabu changu hakina mizani ya hapo, wazee wangu. Nisameheni."

Wakapiga kura. Wawili Nyawa, wawili Mwanauba, wawili Nimwaka. Wakarudia, ikawa vilevile. Huko nje tingatinga la kampuni lilikuwa limekwisha kushushwa kwenye lori, linasubiri kesho.

Mzee Mwachitu akafuta jasho, akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mila yetu inasema, baraza likigawanyika, aliye mkubwa kwa umri kati ya wanaogombea ndiye anayekata. Nimwaka, kata wewe. Jina utakalolitaja, nasi tutaliandika hilohilo, hata kama ni lako. Hakuna atakayekulaumu."

Uongo huo. Wangemlaumu, na yeye alijua.

Nimwaka akainuka, mikono imeshika ukingo wa meza. Alimtazama Nyawa, damu ya kaka yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea kwenye ua ule ule wa nyumba yake. Nyawa aliangalia sakafu. Alimtazama Mwanauba, na Mwanauba hakukwepesha macho, alimtazama vivyo hivyo, bila kuomba. Aliwaza: nikimpa Nyawa, huyu binti atatambaa huko Mkole na mwanawe atageuka kuwa punda wake. Nikimpa binti, mtoto wa kaka yangu atauawa kwa mawe na mimi shangazi yake nimetia sahihi. Nikijipa mimi, nitakuwa mwanamke aliyewafukuza waliokuwa hai ili akae na aliyekufa. Lakini ni mwanangu. Ni mwanangu, na hakuna tena mahali popote duniani anapotajwa.

Alitamani aseme "sitaki kuchagua." Akakumbuka askari wa kampuni, na yule mama aliyekonda kule gizani, amefumba mdomo wake juu ya mayai, anawategemea watu wasiotegemeka.

"Nimwaka," Mzee Mwachitu alimwambia taratibu, kalamu iko juu ya karatasi, "tunakusikiliza."

Akafumbua kinywa.

Mimi nanyamaza hapo. Msinitazame hivyo, nilikwisha kuwaonya mapema. Nyawa alisimamisha baruti na kukipata chumba, akapoteza kazi, na nyingine hapati. Nimwaka aliupata mlango, akawapoteza wote aliokuwa akiwataja. Mwanauba aliingia akamtoa mwali, akapoteza mguu. Na wote watatu walikuwa wamemuua kwanza. Nyumba ni moja, na kesho asubuhi tingatinga linawashwa.

Haya, wewe mwenye karanga, acha kutafuna. Simama pale Nimwaka aliposimama, mikono juu ya meza, wote wanakutazama. Ungelitaja jina la nani?